Sufuria ya Dakika Hamsini

Nyumba ya Pembeni,
Barabara ya Uwanja wa Ndege.
Alhamisi, 18 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu za kaka yako mkubwa, mkubwa kwa umri na sasa kwa kiuno pia. U hali gani huko? Shemeji je, mgongo wake umetulia, au bado anatembea kama mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha? Na wapwa zangu, wameacha kuniita Mjomba Tumbo? Waambie nimesikia, na kwamba ukweli hauhitaji kurudiwarudiwa.

Sisi huku tupo. Wifi yako mzima, na ananisimamia hapa begani ili niandike kwa mwandiko unaosomeka, maana anasema miaka thelathini ya kuandika ubaoni imenifanya niandike kama kuku aliyekanyaga wino. Mimi mwenyewe sina ugonjwa wowote ila suruali zinazidi kunikana. Mama nitakuja kwake baadaye kidogo. Usiruke mistari kumtafuta. Nakujua.

Utajiuliza kwa nini barua, wakati simu ipo. Simu nimekupigia, mdogo wangu. Tunasalimiana vizuri, tunacheka, unaniuliza bei ya sukari. Halafu nikilitaja neno ndege, unasema mtandao umeharibika, na kweli unaharibika. Nikitaja mvua unarudi. Basi nimeona nikuandikie. Karatasi haina mtandao mbaya.

Mvua yenyewe ndiyo nianze nayo. Lile daraja kubwa la barabara ya milimani limeondoka. Sisemi limebomoka, limeondoka, nguzo zimebaki zimesimama mtoni kama wageni waliokuja harusini siku isiyo yenyewe. Basi ulilozoea kupanda kila mwisho wa mwaka sasa linazunguka kusini kote, abiria wanalala njiani, na juzi mmoja alishuka hapa hajui kama leo ni jana. Mafundi wa barabara wanasema daraja litarudi baada ya masika. Hawakusema masika ya lini.

Sasa Mama. Moyo wake umechoka, Kitinda. Si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Anatembea kutoka chumbani hadi jikoni kwa vituo, anashika mlango, anashika meza, anashika bega langu, halafu anajifanya alitaka tu kunisalimu. Daktari alinivuta pembeni kwenye korido, akapangusa miwani yake ambayo haikuwa na uchafu, akasema, "Mwalimu, kama kuna mtoto wa mbali, aitwe." Nikamuuliza aitwe lini. Akasema, "Ningekuwa mimi, ningeshamwita."

Ndiyo maana nakuita.

Najua ninachokuomba. Toka kwako hadi uwanja wa huko ni nusu siku ya gari, hilo si tatizo. Tatizo ni kutoka uwanja wa huko hadi uwanja wa hapa, ambako hakuna barabara ya kukimbilia tena, ila juu. Na najua Mama alivyotuapisha. Tulisimama mbele yake mimi na wewe, na wifi yako akaapishwa pia japo hakuzaliwa naye, kwamba hakuna wa tumbo lake atakayepanda tena kile chombo. Tukaapa. Miaka tisa tumeshika kiapo, wewe kwa basi na mimi kwa kutokwenda popote, jambo ambalo halikunigharimu sana, maana mimi hata ngazi za shule napanda kwa kusali.

Niruhusu niipitie ile siku kwa upande wa huku, maana wewe ulikuwa upande wa kule, na hatujawahi kuketi tukaunganisha pande mbili.

Unakumbuka desturi ya nyumba yetu. Ndugu akipanda ndege kuja hapa, aliyemsindikiza anapiga simu neno moja tu, "Ameinuka." Anachukua ile sufuria yake ya masikio mawili, anachambua mchele, anaosha, anabandika. Wali ukikauka na makaa yakiwa juu ya kifuniko, ndege inakanyaga lami. Msafiri akifika mlangoni, sahani inafuka moshi. Kaka yetu Rula ndiye aliyelipima jambo hilo. Alikuwa mpima ardhi, unajua hawa watu hawawezi kuacha kitu bila kukipima. Alisema kutoka uwanja hadi uwanja ni dakika hamsini, na sufuria ya Mama ni dakika hamsini, kwa hiyo shirika la ndege linapaswa kumlipa Mama mshahara.

Na ule mstari wake bado upo ukutani sebuleni, kwenye ramani yangu ya shule. Aliuchora kwa penseli, toka uwanja wa huko hadi huu wa kwetu, akanicheka mimi niliyekuwa nikisifia mabasi. "Kaka, barabara ni utumbo. Ndege ni rula." Jina likamganda siku hiyohiyo.

Siku ile Rula alipopanda, ulipiga simu wewe. Nilipokea mimi. Ulisema "Ameinuka" huku unatafuna kitu, nadhani karanga, na nyuma yako nilisikia ngurumo ya ndege ikienda. Nikamwambia Mama. Akabandika.

Wali ukakauka. Mama akapalia makaa. Tukasikiliza. Akaongeza maji kidogo ili usiungue, nikamcheka kwamba leo tutakula uji. Akaongeza tena. Mara ya tatu hakuongeza, wala hakuepua. Alikaa na kijiko mkononi anatazama dari, na sufuria ikaungua mbele yetu sote watatu, Mama, mimi na wifi yako, moshi ukajaa jikoni, na hakuna aliyenyanyua mkono.

Yaliyobaki unayajua. Walitafuta milimani wiki tatu, mvua zikaanza, wakaacha. Hatukupewa hata kitufe cha shati. Wenzetu wana kaburi la kupalilia, sisi tuna ratiba ya ndege.

Ile sufuria Mama hakuisugua wala hakuitupa. Aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na ukoko wake mweusi ndani, ikakaa hapo miaka tisa. Wewe ulipokuwa ukija ulikuwa ukiupita ule mlango bila kuufunga, ili usiione. Nilikuona.

Na kila Jumanne na Ijumaa, ndege inaporudi alasiri, Mama hutoka uani. Husimama mkono mmoja juu ya kilemba, hadi sauti ishuke na kuzimika upande wa uwanja. Kisha huenda sebuleni na kupitisha kidole kwenye ule mstari wa Rula. Kidole hakifiki mwisho. Penseli imefutika mahali pamoja tu, kati ya milima, penye upana wa kidole kimoja.

Mimi nami nina yangu, usidhani ni yeye tu. Unakumbuka hesabu ile ya kila kitabu, ndege imeondoka uwanja wa kwanza saa fulani, kwa mwendo fulani, tafuta saa ya kufika? Sijaifundisha tangu siku ile. Nimeibadilisha kuwa baiskeli. Darasani kwangu kila mtu anasafiri kwa baiskeli, hadi mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ng'ambo ya bahari nako tunapiga pedali?" Darasa likacheka. Nikacheka nao, nikageukia ubao, nikakaa nimeugeukia muda mrefu kuliko hesabu yenyewe ilivyohitaji.

Basi daktari aliposema aliyosema, nikajiambia, huwezi kumwambia mdogo wako apande kitu ambacho wewe mwenyewe hujawahi kukitia mguu. Lisilo budi hutendwa. Jumanne hii iliyopita nimepanda. Kwenda na kurudi siku ileile.

Kaa kwanza. Kunywa maji. Ndiyo, nimepanda.

Mama nilimdanganya. Nilimwambia naenda kwa basi kuliangalia lile daraja lililoondoka, na nitarudi kabla ya giza. Nilivaa koti langu la mazishi, kwa kuwa ndilo koti pekee linalofunga vifungo. Alinitazama kutoka kitandani, akasema, "Nenda salama, Mwalimu." Unajua akiniita Mwalimu kuna jambo. Sikulitambua.

Uwanjani nilikuwa kuku mgeni, kamba yangu mguuni. Kijana wa ulinzi aliniambia nivue mkanda. Nikamwambia, "Kijana, huu mkanda ndio unaoshikilia heshima yangu." Akasema, "Mzee, mashine haijui heshima." Nikapita kwenye ile mashine nimeshika suruali kwa mikono miwili kama mwizi wa kuku.

Kwenda sikumbuki kitu. Nilifumba macho magurudumu yalipotoka lami, nikayafumbua yalipogusa tena. Kama kuna milima njiani, mimi si shahidi. Nikakaa kwenye ukumbi wa wasafiri wa huko, kwenye yale mabenchi ya plastiki, nikitazama mlango wa kioo. Nadhani ndipo uliposimama ukipiga ile simu. Kuna kibanda cha karanga pale pembeni. Sikununua.

Kurudi nikajiambia, leo macho wazi. Nilipewa kiti cha dirishani, na cha kando yangu hakikuwa na mtu. Rubani akatutangazia kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni kwamba umbali ni kilomita mia tatu na kumi, na muda wetu angani dakika hamsini. Barabara, kama ujuavyo, ni zaidi ya mara mbili yake. Rula alikuwa sahihi. Nilitaka kumwambia.

Tulipofika juu ya milima nikatazama chini. Misitu imefungamana kama nywele za mtu aliyegombana na kinyozi. Kivuli cha ndege yetu kilikuwa kikikimbia juu ya miti, kidogo, kama nzi juu ya kitambaa. Nikakifuata kwa macho. Kikaingia kwenye bonde. Nikakisubiri kitoke upande wa pili. Kitinda, kilichelewa. Najua kivuli hakichelewi, mimi ni mwalimu wa hesabu. Lakini nakuambia nilikisubiri hadi nikasahau kupumua, ndipo kikapanda mteremko wa pili polepole, kama mtu aliyesimama kuzungumza na mwenyeji.

Muda kidogo akaja dada mhudumu na sinia la chai. Akaniwekea kikombe kimoja. Kisha akaweka cha pili, kwenye kimeza cha kile kiti kisicho na mtu.

Nikamwambia, "Dada, nashukuru, lakini nipo peke yangu. Usidanganywe na ukubwa."

Akacheka kidogo, akatazama kiti, akanitazama mimi. "Samahani, mzee. Nilidhani mwenzako ameenda msalani. Si mlikuwa mnazungumza?"

"Nani?"

"Wewe na mwenzako. Tangu kule milimani. Nilikuwa nyuma nakusikia ukimwambia habari za baiskeli."

Sasa mimi sikujua kama nilikuwa nikisema kwa sauti. Huenda nilisema. Mwalimu akikosa darasa huhutubia hata viti. Nikamwomba kile kikombe akiache. Nikanywa changu. Cha pili kilikaa pale kikifuka hadi tukaanza kushuka, na sikukigusa, wala sikuona haya.

Nikafika nyumbani jua bado lipo. Nimeshapanga maneno yangu mlangoni, maji yamejaa kiasi gani, nguzo zimebaki ngapi. Nikafungua mlango wa jikoni ili nipitie nyuma kimyakimya. Ukagonga ukuta kwa sauti nisiyoijua. Nikatazama nyuma yake. Msumari ulikuwa mtupu.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko. Sufuria ya masikio mawili ilikuwa motoni, imesuguliwa inang'aa, na mikono yake imechanika kwa mchanga na majivu. Wifi yako amesimama pembeni, ungo wa mchele mkononi. Makaa yalikuwa juu ya kifuniko.

"Basi lako limeota mabawa?" Mama akaniuliza.

Nikaanza habari za daraja. Akanikatiza. "Daraja liko umbali wa nusu siku. Nusu siku kwenda, nusu siku kurudi, na kuliangalia uliliangalia saa ngapi? Na wewe ndiye unayefundisha watoto wa watu hesabu."

Mdogo wangu, miaka thelathini ya chaki, nimeanguka kwenye kutoa.

"Nani kakwambia nipo kwenye ndege?" nikamuuliza.

"Nimeisikia ikienda asubuhi. Injini zake zililemewa." Alitazama tumbo langu, nikajua bado yupo, yule mama yetu. Kisha akasema, "Naijua inapumzika huko muda gani kabla ya kugeuka. Nimeisikiliza miaka tisa, unadhani nahitaji kupigiwa simu?"

"Mbona hukunizuia, Mama?"

Akaondoa makaa moja moja kwa koleo kabla ya kunijibu. "Nimezuia miaka tisa. Nani amerudi?"

 

Akaniambia nishushe sahani. Nikashusha tatu. Akasema, "Nne." Nikadhani amechanganyikiwa kwa ugonjwa. Nikamwambia kwa upole kwamba tupo watatu, yeye, mimi na wifi.

"Kuhesabu najua. Ya nne ya huyo uliyekuja naye."

Sikuwa nimemwambia habari ya kikombe. Hadi dakika ile sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata wifi yako. Nikashusha ya nne. Mama akapakua mwenyewe, akaanza na hiyo, akaitilia wali wa katikati ya sufuria, mahali unapokuwa laini, kama alivyokuwa akimtilia Rula. Tukala. Wali ulikuwa na ladha ya moshi wa zamani. Mama alimaliza sahani yake, jambo ambalo hajalifanya tangu masika yaanze. Akaifunika ile ya nne, akaiacha mezani, akaniomba bega, nikamsindikiza kulala. Njiani tulipita sebuleni. Akaweka kidole kwenye mstari wa Rula, akaupitisha, hakusimama kati ya milima. Akafika hadi kwetu.

Asubuhi niliikuta ile sahani imeoshwa, imeegemezwa ukutani ikauke. Mama anasema si yeye. Wifi yako anasema si yeye. Mimi, unanijua, sijaosha sahani tangu nioe. Hatujaizungumza zaidi ya hapo, tunaitumia tu.

Sasa sikiliza. Ndani ya bahasha hii kuna tiketi yako, ya Jumanne ijayo. Kiapo Mama amekifungua kwa mdomo wake, jana, mbele yetu wawili. Alisema, "Mwandikie Kitinda aje kwa ile ya dakika hamsini. Na mwambie safari hii asipige simu mtu yeyote kusema ameinuka. Neno lile amelibeba miaka tisa, inatosha. Nitasikia mwenyewe." Nimeyaandika kama alivyoyasema. Nimeogopa kuongeza hata nukta.

Barua hii nayo inapanda ndege. Yule dada mhudumu amekubali kuibeba kesho Ijumaa hadi uwanja wa huko, na dereva wa gari la kwenu ataichukua pale. Kwa hiyo ikiwa unaisoma, ujue imeshapita juu ya lile bonde, na ikatoka upande wa pili.

Siwezi kukuahidi kwamba hutaogopa. Mimi niliogopa hadi soksi zikalowa. Lakini woga wenyewe una mwisho, ni mfupi kuliko sufuria ya wali, na mwisho wake kuna mtu amekaa kwenye kigoda. Huyu mtu hatakaa hapo siku zote, Kitinda. Ukingoja daraja, utakuta kigoda kitupu.

Msalimie shemeji, mwambie ajifunge mgongo kwa kitambaa cha moto na aache kubishana na daktari. Wape wapwa busu la mjomba wao, wale wawili wakubwa wakikataa wape kwa nguvu. Wifi yako anakusalimu sana na anasema umletee ile sabuni. Mama hana salamu. Anasema salamu ni za watu wasioonana.

Mungu akufunike kwa mkono wake, akutoe kwako na akufikishe kwetu, na kati ya hapo asikuache hata urefu wa kidole.

Na jambo moja dogo. Ukiingia ndani ya ndege, ukakuta kiti cha kando yako hakina mtu, usiweke mkoba.

Akupendaye na akungojaye uwanjani na koti lake la mazishi,
Kaka yako, Mwalimu.